Huyu Si Fukusi wa Viazi

Kila mnapokuja hapa Kharumwa kunisalimia, ninyi vijana mlioajiriwa juzi kwenye kilimo, mnaniuliza swali lilelile kwa adabu: "Mama Shija, kazi hii uliipendea nini?" Msinizunguke. Najua mnachotaka kuuliza hasa. Mnataka kujua kwa nini nilikaa miaka yote ile nikikodolea macho wadudu wadogo kuliko punje ya ulezi, wakati wenzangu niliosoma nao Nyasubi walikimbilia kwenye dhahabu, wakajenga, na sasa wanatembelea magari yenye vioo vyeusi.

Haya, nitawajibu, lakini si kwa kujitetea. Mimi sijutii hata chembe. Aliyewaambia bibi shamba mstaafu ni mtu wa kuhurumiwa amewadanganya. Kaeni, menyeni hivyo viazi vyenu, mnisikilize.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Luhende, mtunza wadudu wa stoo yetu ya zamani kule Shinyanga. Mzee mfupi, mkali, kofia haimtoki kichwani. Alikuwa na tabia ya kuongea na mdudu kabla ya kumtia kwenye spiriti. "Samahani, bwana," anamwambia, "tuna shida na jina lako." Sisi wageni tukicheka, anatugeukia: "Na ninyi mngechekwa siku ya kuzikwa, mngefurahi?"

Siku yangu ya kwanza alinipa kifaa cha kunyonyea wadudu. Ni kichupa chenye mirija miwili. Mmoja unamwelekezea mdudu, mwingine unautia mdomoni, unavuta pumzi, mdudu anaingia chupani. Kwenye mrija wa mdomoni kuna kitambaa chepesi cha kumzuia asiendelee na safari. Mimi na usafi wangu wa kwa mama nikakifua kile kitambaa, nikakianika kwenye kamba, nikakisahau hukohuko. Basi nikavuta pumzi. Jamani! Alishuka mmoja, akashuka wa pili, nikashika koo. Mzee Luhende hata hakusimama. "Hao walikuwa wa kuandikwa," alisema. "Sasa tutawaandika vipi?"

Ndiye aliyenifunza jambo ambalo baadaye lilinikalisha chini mbele ya gari la ofisi, na huko ndiko ninakowapeleka. Alisema kila mdudu mwenye mkonga watu watakuambia ni fukusi, na kila fukusi watakuambia ndiye wa viazi. Uongo. Wadudu wenye mkonga ni ukoo mkubwa kuliko Wasukuma wote, na huwezi kumhukumu mtu kwa ukoo. Angalia vipapasio. Wengi wao vipapasio vina kiwiko: vinatoka kwenye mkonga vimenyooka, halafu vinakunjika kama mkono wa mtu anayepeleka tonge mdomoni. Fukusi wa viazi hana kiwiko. Vyake vimenyooka tu, na pingili ya mwisho ni kubwa kuliko nyingine zote. Mwili wake unang'aa, umebanwa shingoni na kiunoni kama wa sisimizi. Nikimtaja bila kumwona, nilikuwa nasimamishwa na lenzi mkononi mpaka niseme yote hayo kwa mpangilio.

Sasa niwape kosa langu la pili, maana bila hilo hamtaelewa mwisho.

Nilipohamishiwa huku upande wa mbugani nilikuwa msichana wa mjini, najua kila kitu. Kijiji nilichopangiwa, bibi mmoja mwenye shamba dogo kando ya chemchemi alinikatia furushi la marando nipande nyuma ya nyumba yangu. Mnajua marando, yale mashina ya kiazi tunayopanda. Nikapokea, nikapiga goti vizuri kama nilivyolelewa, nikasema, "Asante sana, bibi."

Yiii! Wanawake waliokuwa pale walipiga kelele utafikiri nimekanyaga mtoto. Bibi akaninyang'anya furushi lake, akalitupa kwa mbuzi, akaingia tena matutani kukata jingine. "Hili pokea ufunge mdomo," aliniambia. Pale kijijini ukipewa marando husemi asante, wala husemi wabeja ya Kisukuma. Yatakauka. Nikaanza kumweleza, na cheti changu kipya kabisa, kwamba marando hukauka kwa kukosa maji. Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, ukisema asante umelipa. Ukishalipa, umemalizana nami, unakwenda zako. Mimi nataka uondoke na deni, ili mwakani umkatie mwingine."

Bibi yule alikwisha tangulia mbele ya haki. Shamba akaliacha mikononi mwa mkwewe, Mama Kabula, na huyu ndiye ninayetaka mumjue.

Mama Kabula ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mgumu wa kichwa. Eneo lake pale chemchemini si kubwa, mtu akirusha jiwe linavuka. Lakini kiangazi kikikaza, marando ya kijiji kizima hukauka, na yanayosalia ng'ombe humaliza. Ya kwake peke yake hubaki mabichi, ndani ya uzio wake wa minyaa, akiyanyweshea kwa ndoo asubuhi na jioni. Mvua ya kwanza ikinyesha, watu wote huja kwake. Anawakatia, wanapokea, wanaondoka kimya. Hapo ndipo panapotoka viazi vya mwaka, na kwenye viazi ndipo inapotoka michembe, vile vipande tunavyokausha juani, na bila michembe niambieni huku kwetu mtu anavuka vipi kiangazi kijacho. Mnaelewa? Shamba lile likifa, kijiji hakina mbegu.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Kata ya jirani fukusi wa viazi walikuwa wameingia, wakatoboa kila kitu. Kiazi kilichotobolewa na fukusi huwa kichungu, ukikipika hata nguruwe anakurudishia. Mkuu wetu wa kazi, Bwana Lusekelo, mtu wa Mbeya, akatoa amri: popote atakapoonekana fukusi, shamba la marando ling'olewe na kuchomwa kabla ya mvua. Na ilikuwa amri ya maana. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningetoa hiyohiyo.

Neema, huyu hapa anayejificha nyuma ya mlango, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi chini yangu. Akapita kwa Mama Kabula kukagua. Nje kidogo ya uzio kuna ua la porini linalotambaa, la zambarau, majani yake yanafanana na ya kiazi. Wenyeji wanaliita kiazi pori, na kweli ni ndugu yake. Ndani ya ua hilo Neema akamkuta mdudu mdogo mweusi mwenye mkonga. Akampiga picha, akaiuliza simu yake. Simu ikajibu: fukusi wa viazi. Akapeleka taarifa ofisini, na alifanya sawasawa. Asingeipeleka ningemkaripia mpaka alie.

Kesho yake Bwana Lusekelo akaniita.

"Mama Shija, chemchemini kuna fukusi. Mkaguzi wa eneo ni wewe. Weka saini yako hapa, tuchome."

"Nimwone kwanza."

"Picha si hii hapa?"

"Hiyo ni picha ya mgongo, Bwana Lusekelo. Hata wewe nikikupiga picha ya mgongo, mkeo atauliza ni nani."

Hakucheka. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Akaniambia polepole, "Mama, umebakiza miezi michache tu ustaafu. Weka saini ukapumzike."

Wallahi, hapo ndipo aliponiudhi. Kupumzika! Kila mtu alikuwa ananiambia nikapumzike, kana kwamba nimeomba. Nikamwambia mimi sijachoka, na saini yangu sitaiweka chini ya jina la mdudu nisiyemjua. Nikatoka na mkoba wangu.

Alfajiri iliyofuata tukaenda mimi na Neema. Na hapa wekeni akilini jambo la kazi: ua lile hufunguka asubuhi, jua likishapanda linajikunja na wadudu humohumo ndani. Ukaguzi wetu mwingi tunafika saa sita na gari la ofisi, tunakuta maua yamelala, tunasema hakuna kitu. Mtu anayemtafuta mdudu wa ua afuate saa za ua.

Mama Kabula alikuwa ameshaamka, ana ndoo mkononi.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu.

"Mwangaluka," akaitikia. Neema akamwamkia shikamoo, akajibu marahaba, halafu akaitua ndoo. "Nasikia mnakuja kunichomea."

"Nani kakuambia?"

"Neno hilo limefika hapa kabla yenu." Akayatazama matuta yake. "Mayu, nikichomewa mimi nitakula. Kabula yuko Kahama, hawezi kuniacha nife njaa. Lakini hawa wanaokuja hapa mvua ikinyesha, nitawapa nini? Niwape majivu?"

Neema alianza kulia. Nikamwambia aache, ashike chupa. Tukapita ua moja baada ya jingine. Wadudu walikuwamo kweli, wadogo kweli, wamejaa chavua mpaka usoni. Lakini kwa macho yangu ya uzeeni vipapasio sikuviona, na lenzi yangu ilikuwa imeangukia mwamba wiki ileile, imepasuka. Mimi huyo, mwenye kazi ya kutazama, sina cha kutazamia.

Nani huku ana lenzi nzuri kuliko ofisi zote za serikali? Fikirini. Mnunuzi wa dhahabu!

Nikampigia mguu Hamisi, kijana wa Kigoma mwenye chumba cha kununulia dhahabu hapa Kharumwa, mizani mezani, taa kali, karatasi nyeupe, na lenzi shingoni. Wachimbaji walikuwa wamejipanga, vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe, mpaka kwenye kope.

"Karibu, Mama Shija!" alisema Hamisi. "Hatimaye na wewe umeingia duarani kuchimba?"

"Niazime lenzi."

"Leta mzigo kwanza tuuone."

Nikafungua chupa, nikammimina mmoja kwenye karatasi yake nyeupe. Mdudu akatulia kidogo, akajifuta uso, akaanza safari.

"Astaghfirullah!" Hamisi akaruka. "Mama, dhahabu yako inatembea!"

Chumba kizima kilicheka. Lakini yule kijana ana macho ya kazi, na mtu mwenye macho ya kazi hawezi kukikataa kitu kidogo. Akainama na lenzi yake kabla yangu, akageuza karatasi kuelekea taa. "Ana mkonga," alisema. "Na kwenye mkonga ana vijiti viwili, kila kimoja kimevunjika katikati."

"Vimevunjika au vimekunjika?"

"Vimekunjika. Kama kiwiko."

Nikamnyang'anya lenzi. Kiwiko, jamani, kiwiko kabisa! Na mwili haung'ai, umefunikwa vumbi la kijivu kama mtu aliyetoka mashineni kusaga. Mchimbaji mmoja naye akaomba kuchungulia, akasema huyu ana sura ya mwenyekiti wao wa mgodi, tukacheka tena. Neema akaweka jicho la simu juu ya lenzi ya Hamisi, akampiga picha safari hii ya uso, ya ubavu, ya vipapasio, safi mpaka unahesabu vinyweleo. Ndiyo maana nimewaambia sizidharau simu zenu. Simu ni jicho. Shida ni pale mnapoiachia na ubongo.

Hamisi akaniachia lenzi niondoke nayo. Picha zikaenda siku ileile kwa mtafiti mmoja, mama ninayemwamini, anayejua wadudu hawa kuliko mimi mara nyingi. Akajibu upesi: picha zinaonyesha vizuri, lakini hawezi kusema neno la mwisho bila kumshika mdudu mwenyewe. Nitume.

Spiriti ya kuwahifadhia ilikuwa imekwisha ofisini. Neema akauliza tufanyeje, nikacheka peke yangu. Nilipokuwa kijana spiriti iliniishia hivyohivyo upande wa Chato, nikawatia wadudu kwenye gongo. Basi likasimamishwa Buseresere, askari akapekua mkoba wangu, akanusa. "Mama, hii si gongo?" Nikamwambia, "Ni gongo, afande, lakini wanywaji ni hao humo ndani." Akainua chupa juani, akawaona wamelala chali, akanirudishia bila neno. Safari hii tulikwenda zahanati kwa adabu, tukaomba spiriti, tukapewa.

Mzigo ukaondoka. Lakini mimi sikukaa kuusubiri, na ninyi msikae. Kiwiko kinakuambia mdudu si nani. Hakikuambii anafanya nini. Mzee Luhende alikuwa akisema ukishamtazama, mkaribishe chakula. Basi nikachukua machupa mawili yenye vifuniko vya kitambaa, kila moja nikatia kipande cha kiazi kibichi na ua la kiazi pori. Chupa moja nikaweka wadudu wa ua. Nyingine nikaweka fukusi wenyewe niliowafuata kata ya jirani, nikaifunga mara mbili na kuikalisha juu ya sahani ya maji, maana hao wakitoroka mimi ndiye ningechomwa. Haikupita muda. Fukusi wakaanza kutoboa kiazi. Wale wa ua wakakitembelea kiazi kama wageni waliokosea nyumba, wakarudi kwenye ua, na ua liliponyauka wakanyauka nalo. Nikapasua vitumba vya mbegu vya ua lile porini. Watoto wao walikuwamo humo, kila mmoja kwenye mbegu yake, hana habari na kiazi cha mtu.

Tukabaki na hofu moja, nayo niliitaja mwenyewe kwa Mama Kabula: fukusi wa kweli anaweza pia kujificha kwenye mashina ya kiazi pori. Kwamba huyu siye, haimaanishi yule hayupo. Tukakaa na visu, mimi, yeye na Neema, tukipasua mashina ya porini na mashina ya matutani, hapo chini karibu na udongo ambapo hupenda kutaga. Migongo ilituuma mpaka tukawa tunapokezana kulala chini. Hatukukuta tundu.

Jibu la mtafiti lilikuwa bado. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwa.

Asubuhi moja nikapigiwa simu: gari limetoka ofisini, lina vijana na majembe, na dumu la mafuta ya taa. Nikachukua bodaboda, nikafika kabla yao. Nikaingia ndani ya uzio, nikatafuta tuta la katikati, nikakaa chini na suruali yangu nzuri ya kazi. Mama Kabula akachukua jembe akaanza kupalilia pembeni yangu. Wanawake wengine wakaja na majembe yao, wakapalilia, hakuna anayeinua uso, kana kwamba gari lile halipo.

Bwana Lusekelo akasimama mlangoni mwa uzio. "Mama Shija, inuka."

"Siinuki."

"Unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Sikuvunjii. Ningekuvunjia ningewasha kiberiti mwenyewe huku najua ni makosa."

Akaingia, akachuchumaa karibu yangu, akaongea kwa sauti ya chini nisikie mimi tu. "Jana nilikuwa kata ya jirani. Nimemkuta mama anachambua michembe yake. Anainusa, anatupa. Anainusa, anatupa. Mpaka kikapu kikaisha. Wewe ukikosea hapa, kila mtu atabeba marando yake na fukusi ndani, na mimi ndiye niliyeyaacha."

Maneno yale yaliniuma, maana hayakuwa ya ubabe. Alikuwa anaogopa kitu kilekile nilichokiogopa mimi. Tulitofautiana kwenye kiberiti tu.

Nikatoa lenzi ya Hamisi na vichupa viwili. "Nakuomba kitu kimoja. Tazama, halafu uamue."

Akatazama kwanza huku, akatazama kule. Akarudia. Akavua miwani, akatazama tena. "Huyu ana kiwiko," alisema. "Huyu hana. Mwenye kiwiko umemtoa wapi?"

"Kwenye ua, hapo nje."

"Na asiye nacho?"

"Kwenye viazi vya kata hiyohiyo uliyokuwa jana."

Akaivaa tena miwani. "Macho yangu mimi si maabara, Mama Shija."

"Wala hilo dumu si maabara. Sikiliza, Bwana Lusekelo. Maabara ikisema nimekosea, dumu utalirudisha na kiberiti nitawasha mimi, mbele ya watu hawahawa. Ukichoma leo, halafu maabara ikasema sikukosea, marando utayarudisha?"

Majembe ya wale wanawake yalikuwa yamesimama. Akainuka, akajipangusa magoti. "Rudisheni dumu garini," akawaambia vijana. Kisha akanigeukia kwa sauti ya wote kusikia: "Mvua ya kwanza ikinyesha bila jibu, nachoma."

Na mvua ikanyesha bila jibu.

Ilianza alfajiri, nzito, ya kuotesha. Nilifika chemchemini nimelowa chepechepe, nikakuta watu wamejaa nje ya uzio, majembe mabegani, wanangoja marando. Mama Kabula amesimama mlangoni, kisu kimefungwa kwenye khanga kiunoni. Anawakatalia! Wanambembeleza, mwingine anafoka, ardhi imeshaiva, mvua inapotea. "Sikati hata shina moja mpaka jibu lije," anawaambia. "Sitampa mtu ugonjwa." Mvua inamchuruzika usoni, hapangusi. Nawaambia ukweli, nimewahi kuona watu wengi wakila yamini makanisani, lakini msimamo kama ule sijauona.

Bwana Lusekelo akaja, kwa miguu, gari limekwama huko nyuma. Suruali ameikunja magotini, viatu mkononi. Hana dumu. Watu wakampisha. Akayatazama matuta, akatazama mawingu.

"Kumelowa," alisema. "Leo haitawaka."

Akasimama pale pamoja nasi, ananyeshewa. Hakuna aliyemuuliza kama mafuta ya taa yanajali mvua.

Jibu lilikuja mvua ilipokatika. Mtandao pale haushiki, Neema alikuwa amepanda juu ya kichuguu tangu asubuhi, simu ameifunika kwa mfuko wa plastiki. Tukamsikia anapiga kelele, akashuka kwa makalio, matope mpaka kichwani, akasoma mbele ya watu. Mtafiti alisema: huyu si fukusi wa viazi. Ni wa kundi jingine, hulea watoto wake kwenye mbegu za mimea ya porini. Jina lake hasa hana. Amemlinganisha na wote alionao, hafanani na yeyote. Anaomba tumtumie wengine.

Bwana Lusekelo akaniuliza, "Kwa hiyo hana jina?"

"Tunalolijua sisi, hana."

"Sasa mimi nitaandika nini?"

"Andika: huyu si fukusi wa viazi."

Akaandika hivyo hivyo. Na kuna watu mpaka leo wananicheka, ati Mama Shija kamaliza kazi yake kwa kumtambua mdudu asiye na jina. Wacheke! Thubutu yao kunitia aibu. Jina atapewa siku moja na mwenye uwezo. Mimi nilijua yeye si nani, na siku ile kijiji hakikuhitaji zaidi ya hapo.

Mama Kabula akafungua kisu. Akakata kuanzia hapo mpaka jua linazama, furushi baada ya furushi. Kila mtu anapokea kwa mikono miwili, anageuka, anakwenda. Kimya. Unasikia kisu tu. Mwishoni akakata furushi kubwa kuliko yote, akaniletea mimi. Nikapokea nimeubana mdomo mpaka taya zinauma.

Na yeye hakuniambia asante. Si siku ile, si siku yoyote mpaka leo. Tulipokuwa njiani kurudi Neema alifura kwa hasira. "Mama, umekaa kwenye matope kwa ajili yake, hata neno moja!"

Nikamwambia, "Nyamaza wewe, utayakausha."

Hivyo viazi mnavyomenya vimetoka kwenye furushi lile. Na lenzi ya Hamisi ndiyo hii hapa mezani. Nilipompelekea alikataa kuipokea, akaniambia nikae nayo, nami nikauma ulimi nisimshukuru. Neema ana yake sasa. Wewe hapo, uliyekuwa unasinzia mwanzoni, ndiye niliyesikia umepangiwa upande wa chemchemini. Ichukue. Anza kwenye vipapasio, wahi kabla ua halijafunga. Na ukithubutu kuniambia asante, nakunyang'anya.